Damu kuganda baada ya upasuaji: hatari inayokufuata hadi nyumbani

#1 Zamu ya Usiku

Wakuu, salaam.

Nafanya kazi wodi ya upasuaji. Mgonjwa akiruhusiwa, swali la kwanza huwa ni nyuzi zitatolewa lini, la pili ni lini ataanza kuoga vizuri, la tatu ni lini atarudi kazini. Swali ninalolisubiri ni hili: "Kinga yangu ya damu kuganda inaisha lini?" Ni nadra sana kulisikia. Mshono mtu anauona kila siku, bonge la damu halioni, basi akili yote inakuwa kwenye mshono.

Damu kuganda kwenyewe ni neema. Bila hivyo hakuna ambaye angetoka salama mezani. Shida inakuja ikiganda mahali isipotakiwa, hasa kwenye vena kubwa (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) zilizojificha katikati ya misuli ya kigimbi na paja. Bonge likikaa hapo, mguu unavimba na kuuma. Kipande kikikatika, kinapanda na damu, kinapita upande wa kulia wa moyo na kwenda kukwama kwenye mishipa ya mapafu. Kidogo kitakupa kichomi na pumzi fupi. Kikubwa kinaweza kuua ndani ya dakika chache, na hapo ndipo unasikia ndugu wakisema alikuwa ameshapona kabisa, ameamka tu kwenda chooni akaanguka.

Kwa nini baada ya upasuaji? Mwaka 1856 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alichapisha kazi yake kuhusu mabonge yanayosafiri hadi mapafuni, na mpaka leo wanafunzi wa udaktari wanafundishwa mambo matatu yanayobeba jina lake: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa tayari mno kuganda. Upasuaji unaleta yote matatu kwa mpigo. Ukiwa kwenye nusukaputi misuli imelegea, kigimbi kimeacha kazi yake ya kusukuma damu kuelekea juu. Kisu na vyuma vinagusa na kuvuta mishipa. Halafu mwili ukishajua umejeruhiwa, unaongeza vigandisho kwenye damu, na hauachi siku unapovaa nguo zako kwenda nyumbani. Unaendelea wiki kadhaa.

Sasa angalieni hizi namba. Uingereza walifuatilia wanawake wa umri wa kati zaidi ya 940,000, matokeo yakatoka 2009. Ndani ya wiki 12 baada ya upasuaji wa kulazwa, mwanamke 1 kati ya 140 alipata bonge la kumlaza hospitali au kumuua. Kwa waliobadilishiwa nyonga au goti ilikuwa 1 kati ya 45. Waliofanyiwa upasuaji wa kuingia na kutoka siku hiyohiyo, 1 kati ya 815. Ambao hawakupasuliwa kabisa, katika kipindi cha urefu uleule, 1 kati ya 6,200. Na hatari ilikuwa juu zaidi wiki ya tatu.

Wiki ya tatu wakuu! Wakati huo mgonjwa yuko nyumbani, wageni wameacha kuja, na sindano zilizobaki za kuzuia damu kuganda zimesahaulika kwenye droo.

Karibuni tuchangie. Nitarudi na mambo ya kinga.

#2 Kobe Mwendo

Mleta uzi, heshima yako. Ila mimi naona hizi sindano za siku hizi ni biashara tu. Zamani watu walipasuliwa, wakakaa kitandani hadi wakapona, na hakuna aliyechomwa tumboni kila siku. Kwani hao hawakuwa na damu?

#3 Zamu ya Usiku

Mkuu Kobe, walikuwa nayo, na iliwaua. Tofauti ni kwamba kifo kiliandikwa "moyo umesimama ghafla" na mambo yakaishia hapo.

Birmingham, Uingereza, mwaka 1959, Sevitt na Gallagher walichapisha jaribio lao kwa wagonjwa 300 waliovunjika shingo ya mfupa wa paja. Nusu walipewa dawa ya kuzuia damu kuganda, nusu hawakupewa. Waliokosa dawa walipata mabonge mengi zaidi, na vifo vilikuwa vingi zaidi upande wao. Baadaye, madaktari walipoanza kupiga picha za vena kwa dawa maalumu, wakakuta kwamba kwenye upasuaji mkubwa wa nyonga na goti usio na kinga yoyote, wagonjwa kati ya 40 na 60 katika kila 100 walikuwa na bonge mguuni. Wengi wao hawakuhisi lolote. Mengi ya mabonge hayo huyeyuka yenyewe, hilo nalikubali, lakini hakuna anayeweza kukuambia mapema lako ni lipi.

Kisha 1975. Jaribio la kimataifa lililoongozwa na Kakkar, wagonjwa zaidi ya 4,000, dozi ndogo ya heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, kabla na baada ya upasuaji. Waliokufa kwa bonge la mapafu, kwa uthibitisho wa uchunguzi wa maiti: 16 upande usiopewa heparini, 2 upande uliopewa. Hiyo heparini ilikuwa dawa ya kale tayari, imegunduliwa tangu 1916. Biashara ingetafuta kitu kingine.

#4 Kobe Mwendo

16 kwa 2. Sawa, hapo umenifunga mdomo. Lakini bado nauliza: kila mtu achomwe? Hata aliyetolewa jino?

#5 Zamu ya Usiku

Hapana, na hapo uko sahihi kabisa. Kinga inapimwa kwa mtu, si kwa jengo la hospitali. Kuna njia ya kuhesabu alama inayotumika sana, ya daktari wa upasuaji Mmarekani aitwaye Caprini. Umri wa miaka 41 hadi 60 una alama 1, 61 hadi 74 alama 2, miaka 75 na kuendelea alama 3. Upasuaji mkubwa unaozidi dakika 45, alama 2. Saratani, 2. Uzito uliozidi, 1. Vidonge vya uzazi wa mpango au homoni, 1. Uliwahi kupata bonge huko nyuma, 3. Kubadilishiwa nyonga au goti, au kuvunjika nyonga, unaingia moja kwa moja na alama 5.

Ukijumlisha ukafika 5 au zaidi, uko kundi la hatari kubwa. Chini ya hapo wengine hutosheka na kutembea mapema, wengine na vifaa vya kubana miguu, wengine sindano. Kuna jambo moja watu hulisahau wakijaza fomu: ndugu wa damu aliyewahi kupata bonge. Hilo nalo lina alama 3. Kwa hiyo kabla ya kulazwa ulizeni nyumbani, maana nesi akikuuliza saa mbili kabla ya upasuaji utasema "sijui" na ataandika hapana.

Na kuna upande wa pili wa mizani: kuvuja damu. Mtu aliyepasuliwa ubongo au uti wa mgongo hawezi kuchomwa dawa ya kuzuia kuganda mapema mapema, tone moja mahali pabaya ni janga. Huyo huvalishwa mifuko ya miguuni inayojazwa hewa na kuachia kwa zamu, ikikamua damu ipande. Ile mashine inafanya kazi, ila inafanya kazi ikiwa imewashwa na imevaliwa. Nimekuta nyingi zikiwa zimening'inizwa kwenye chuma cha kitanda kwa sababu "zinaleta joto".

#6 Mama Pacha

Asante sana kwa elimu hii. Naomba kuuliza mambo mawili. Nilijifungua kwa upasuaji na sikuambiwa chochote kuhusu damu kuganda. Je, na sisi wa uzazi tumo? Na mdogo wangu anameza vidonge vya uzazi wa mpango, anategemea kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Aache?

#7 Zamu ya Usiku

Dada yangu, mmo, tena sana. Ujauzito peke yake hufanya damu iwe tayari kuganda, ni maandalizi ya mwili ili mama asivuje sana wakati wa kujifungua. Wiki 6 za mwanzo baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa kuliko ujauzito wenyewe, na upasuaji unaongeza, hasa ule wa dharura. Si kila mama anahitaji sindano. Wanaangalia umri, uzito, kama alivuja damu nyingi, kama alipata maambukizi, kama aliwahi kupata bonge. Lakini kila mama anapaswa kuinuka mapema na kuambiwa dalili. Heparini na ndugu yake enoksaparini zinatumika kwa anayenyonyesha. Vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, vya jamii ya rivaroksabani, haviruhusiwi kwa mjamzito, na anayenyonyesha asivianze kwa uamuzi wake.

Kuhusu mdogo wako, inategemea vidonge vya aina gani. Vyenye homoni ya estrojeni ndivyo vinavyoongeza hatari, na mwongozo wa Uingereza unashauri kufikiria kuviacha wiki 4 kabla ya upasuaji wa kupangwa. Vile vya projesteroni peke yake havina shida hiyo. Tafadhali asiache kimyakimya: amwambie daktari, na apewe njia nyingine, maana kuingia kwenye upasuaji wa kizazi akiwa na mimba asiyoitarajia ni kisa kingine kabisa.

#8 Mfamasia Mtaratibu

Nimeona niongeze upande wa dawa kwa sababu huko dirishani tunakutana na mengi.

Sindano inayotolewa sana ni enoksaparini, kwa kawaida miligramu 40 mara moja kwa siku, chini ya ngozi. Mgonjwa wa figo zilizochoka sana hapewi dozi hiyohiyo, kwa kuwa dawa hutoka kwa njia ya figo na itajilimbikiza. Wao hupunguziwa au hupewa heparini ya kawaida. Kama una shida ya figo, sema hata kama hujaulizwa.

Muda wa matumizi hutofautiana. Kubadilishiwa nyonga, kinga huendelea hadi siku 35. Goti, mara nyingi siku 10 hadi 14. Upasuaji mkubwa wa saratani ya ndani ya tumbo au ya fupanyonga, wiki 4. Ukipewa sindano za siku chache na upasuaji wako ni wa aina hiyo, rudi uulize. Si ujeuri.

Namna ya kujichoma, kwa wanaopewa za kwenda nazo. Osha mikono. Keti au lala chali kidogo. Chagua pembeni ya tumbo, mbali na kitovu kwa kama vidole vitatu au zaidi, leo kulia kesho kushoto, mbali na mshono. Bana ngozi iinuke na uendelee kuishikilia, sindano iingie wima yote. Kile kipovu cha hewa kwenye bomba lililokwisha kujazwa usikitoe, kimewekwa makusudi ili dawa yote iingie. Ukimaliza usisugue. Kusugua ndiko kunakoleta yale madoa meusi makubwa ambayo watu hupiga picha na kututumia usiku. Ukisahau dozi, choma ukikumbuka siku hiyohiyo. Usichome mbili kwa pamoja kufidia.

Na jambo linaloniudhi kuliko yote: dawa za maumivu. Mtu yuko kwenye enoksaparini, goti linauma, ananunua diklofenaki mwenyewe na anaongeza aspirini ya jirani. Matokeo ni kinyesi cheusi, yaani damu inavuja tumboni, na safari ya kurudi wodini. Uliza kwanza ni dawa gani ya maumivu unayoruhusiwa.

Wenye sindano ya ganzi ya mgongo pia: dozi ya kinga hupangwa mbali na muda wa kuchoma au kuchomoa mrija mgongoni, angalau saa 12 baada ya enoksaparini ndipo daktari wa usingizi aguse mgongo. Ukirudi nyumbani ukaanza kupata maumivu makali ya mgongo, miguu kuishiwa nguvu au kushindwa kuzuia mkojo, usisubiri kesho.

#9 Fundi Saa

Mfamasia umetaja aspirini kwa ubaya. Mimi nilisoma kwamba siku hizi aspirini peke yake inatosha baada ya kubadilishiwa goti, na ni kidonge, hakuna kuchomana. Nani mkweli?

#10 Mfamasia Mtaratibu

Fundi, hapa wataalamu wenyewe bado wanavutana, ngoja nikupe pande zote.

Kanada walichapisha mwaka 2018 jaribio la wagonjwa 3,424 wa nyonga na goti. Wote walianza na rivaroksabani siku 5. Baada ya hapo nusu wakaendelea nayo, nusu wakahamia aspirini ya miligramu 81. Matokeo yakalingana. Tazama hapo: aspirini ilikuja baada ya dawa yenye nguvu, si badala yake tangu mwanzo.

Australia mwaka 2022, wagonjwa zaidi ya 9,000 wa nyonga na goti, aspirini tangu mwanzo dhidi ya enoksaparini. Mabonge yenye dalili yalikuwa asilimia 3.45 kwa aspirini na 1.82 kwa enoksaparini. Aspirini ilishindwa.

Halafu 2023, Amerika Kaskazini, wagonjwa zaidi ya 12,000 waliovunjika mifupa, aspirini mara mbili kwa siku dhidi ya enoksaparini mara mbili kwa siku. Vifo vililingana, 0.78 kwa 0.73 katika kila 100. Mabonge ya mguuni yakawa mengi kidogo kwa aspirini, ya mapafuni yakalingana.

Msimamo wangu: aspirini ina nafasi kwa mtu wa hatari ya kawaida, kwa uamuzi wa daktari anayejua historia yake. Aliyewahi kupata bonge au mwenye saratani asiache sindano kwa sababu amesoma kichwa cha habari.

#11 Fundi Saa

Nimekuelewa. Kwa hiyo jibu ni "inategemea", ila sasa najua inategemea nini. Na soksi je? Bibi alivalishwa zile nyeupe za kubana, akalalamika hadi wakamvua.

#12 Zamu ya Usiku

Soksi zimeshuka thamani, na mimi sitazililia. Mwaka 2020 Uingereza walitoa majibu ya wagonjwa karibu 1,900 wa upasuaji wa kupangwa waliokuwa tayari wanapata sindano. Nusu wakaongezewa soksi, nusu bila. Mabonge: 1.4 katika kila 100 wenye soksi, 1.7 wasio na soksi. Hakuna tofauti ya maana. Kwa waliopooza kwa kiharusi ilishaonekana tangu 2009 kwamba soksi ndefu haziwakingi na zinawachuna ngozi. Mwenye mishipa ya ateri iliyoziba miguuni zinaweza kumletea vidonda vibaya.

Kama ulipewa, vaa kwa kipimo chako na zisijikunje juu zikawa kamba ya kufunga mguu. Kama huna, usihangaike kuzitafuta ukadhani ndiyo kinga kuu.

Kinachonifurahisha zaidi ni miguu yenyewe. Ukiwa bado kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, kisha visukume mbali, rudia rudia kila saa uliyo macho. Ukiweza kusimama, simama. Kisha tembea, hata kama ni mpaka mlangoni. Nieleweke lakini: kuketi kwenye kiti kutwa nzima miguu ikining'inia si kutembea. Familia nyingi zinampamba mgonjwa kwenye kochi na kumletea kila kitu hapo hapo kwa upendo. Mwacheni akachukue maji yake mwenyewe.

#13 Dopla

Mimi napiga ultrasaundi za miguu, na nina jambo la kuwaomba: ACHENI KUKANDA MIGUU ILIYOVIMBA.

Samahani kwa herufi kubwa. Mtu ametoka upasuaji, kigimbi kimoja kinavimba, anasema ni uchovu wa kulala. Analetewa mafuta, anakandwa, anachuliwa, anawekewa maji ya moto. Kama ndani kuna bonge, unalisukuma. Mguu mmoja uliovimba kuliko mwenzake baada ya upasuaji upimwe kwanza, mambo ya kukanda yafuate baadaye kama yapo.

Dalili za mguuni: uvimbe upande mmoja, maumivu ya kigimbi au paja yanayozidi ukisimama, joto, ngozi kubadilika rangi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo linganisheni joto na ukubwa, pimeni mzingo wa vigimbi vyote viwili kwa utepe wa fundi cherehani mahali palepale. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3 si ya kupuuza. Aliyepasuliwa goti atavimba tu upande huo, najua, ndiyo maana uvimbe unaoongezeka badala ya kupungua ndio wa kushtukia.

Za mapafuni: pumzi kukatika ghafla, kichomi unapovuta hewa, moyo kwenda mbio, kizunguzungu au kuzimia, kikohozi chenye damu. Hizo usizipigie simu ndugu wa mbali kuomba ushauri. Ni dharura, nenda.

Kipimo changu ni rahisi na hakiumi. Naweka kifaa juu ya vena nakibana. Vena nzima hujikunja hadi kuta zinagusana. Yenye bonge inakataa kujikunja. Hiyo ndiyo siri yote. Kile kipimo cha damu kiitwacho D-dimer, kinachotafuta mabaki ya bonge linalovunjika, ambacho wengi hukimbilia, baada ya upasuaji huwa juu karibu kwa kila mtu kwa sababu mwili unaponya jeraha, kwa hiyo kikiwa juu hakikuambii kitu. Kwa mapafu inahitajika sitiskani yenye dawa ya kuonyesha mishipa.

Na msishangae nikipima leo nisione kitu halafu nikakuambia urudi baada ya wiki. Bonge dogo la kigimbi linaweza kupanda.

#14 Mama Pacha

Dopla, tukimkuta nalo, ndiyo basi? Anapasuliwa tena kulitoa?

#15 Dopla

Kwa wengi, hapana. Anapewa dawa za kuzuia damu kuganda kwa dozi ya tiba, kubwa kuliko ile ya kinga, kwa angalau miezi 3 kama chanzo ni upasuaji. Dawa hizo haziyeyushi bonge, zinalizuia lisikue huku mwili wenyewe ukilila taratibu. Dawa za kuyeyusha zipo, ila ni kwa aliyezidiwa, kwa mfano shinikizo la damu limeshuka kwa ajili ya bonge la mapafu, na aliyepasuliwa majuzi anaweza kuvuja vibaya akipewa. Asiyeweza kabisa kutumia dawa huwekewa kichujio kwenye vena kubwa ya tumbo kwa muda.

Wengine mguu hubaki mzito na wenye kuvimba kwa miaka, kwa sababu vali za vena, vile vilango vinavyozuia damu kurudi chini, zimeharibika. Ndiyo maana kuzuia ni nafuu kuliko kutibu.

#16 Msafiri Kimya

Nimesoma mahali kwamba heparini inatoka kwa nguruwe. Kweli? Mama yangu Muislamu na kesho kutwa anapasuliwa, sitaki agundue baada.

#17 Mfamasia Mtaratibu

Ni kweli ndugu. Heparini nyingi inayotumika sasa inatolewa kwenye utando wa utumbo wa nguruwe, na enoksaparini inatengenezwa kutokana na hiyo hiyo. Kwa hiyo mwambie mapema, usimfiche. Zipo dawa zisizo na asili ya mnyama: fondaparinaksi, ambayo ni sindano iliyotengenezwa maabara yote, na vidonge kama rivaroksabani na apiksabani, ambavyo matumizi yake ya kinga yamethibitishwa hasa kwa nyonga na goti. Si kila upasuaji vinafaa. Viongozi wengi wa dini hukubali dawa kama hizo pale pasipo na mbadala na maisha yako hatarini, lakini hilo ni la mama na anayemwamini. Kazi yetu ni kumpa habari kabla ya kuchomwa.

Hiyo pia ni nafasi ya kumweleza kuhusu tatizo lingine la heparini ambalo ni nadra: siku ya 5 hadi ya 10, chembe sahani za damu (zile zinazosaidia damu kuganda) zinaweza kushuka kwa nusu au zaidi, na cha ajabu mgonjwa badala ya kuvuja anaganda. Ndiyo maana baadhi yao huchukuliwa damu tena wakiwa wodini. Aliyewahi kupatwa na hilo asipewe heparini tena bila daktari kujua.

#18 Ngiri Jumatatu

Uzi mzuri lakini umenitia hofu. Nina miaka 34, sivuti sigara, situmii dawa yoyote, kwetu hakuna aliyewahi kupata hili. Jumatatu natolewa ngiri, naingia asubuhi natoka jioni. Niombe sindano? Na Ijumaa ya wiki hiyo nina safari ya ndege inayochukua muda wa saa tisa.

#19 Zamu ya Usiku

Ngiri, ondoa hofu. Kwa maelezo yako alama zako ni chache mno, na upasuaji wa kutoka siku hiyohiyo ndio ule wa 1 kati ya 815, tena hiyo ilikuwa kwa wanawake wenye umri mkubwa kuliko wako. Mtu kama wewe kwa kawaida hapewi sindano, na kumpa kunaweza kumletea damu kuvia kwenye mshono bila faida. Tembea jioni hiyohiyo, kunywa maji, fanya yale mazoezi ya nyayo, na uwaambie kuhusu historia ya familia ulivyotuambia hapa.

Ila ile safari ya ndege sogeza mbele. Kuketi zaidi ya saa 4 kunaongeza hatari hata kwa mzima, na wewe utakuwa siku ya nne tu tangu upasuliwe. Muulize daktari wako akutajie tarehe anayoiona salama. Ukisafiri, omba kiti cha kwenye njia ili uweze kuinuka bila kuomba radhi kila mara.